Mbio Tunazo, Mpira Bado

Tangu timu yetu ya mpira wa miguu irudi kutoka mashindano ya UMISSETA ya wilaya, habari imekuwa moja tu mabwenini, jikoni, na hata katika ofisi ya walimu: golikipa ametufungisha. Nimeyasikia maneno hayo kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza ambao hawakuwapo uwanjani. Nimeyasikia pia kwa mzazi mmoja aliyekuja kuleta mahindi ya chakula cha mwanawe, naye hakuwapo. Mimi nilikuwapo. Kipindi chote cha pili nilisimama nyuma ya goli letu, na kwa ruhusa ya Mhariri napenda kusema kwamba maneno hayo si ya haki, tena yana hatari. Tukimtwisha kijana mmoja lawama zote, wale kumi waliobaki watalala usingizi mzuri, na mwaka ujao watarudi uwanjani na makosa yao yale yale.

Kwanza nieleze jinsi goli lile la pili lilivyoingia, maana wanaolisimulia ni wengi kuliko walioliona.

Tulikuwa sare, 1 kwa 1, na dakika zilizobaki zilikuwa chache. Wenzetu waliutoa mpira nje upande wa kushoto, karibu na kona yetu, na beki wetu akaenda kuurusha. Wakati huo wachezaji wetu saba walikuwa wamekwisha kimbilia mbele, ng'ambo ya mstari wa kati, mikono juu, wakidai mpira mrefu. Hakuna hata mmoja aliyerudi karibu kuupokea. Beki huyo siku ile alikuwa amekwisha rusha vibaya mara mbili kwa kuinua mguu mmoja, na mara zote mbili refa aliwapa wenzetu mpira, na watu wakamcheka. Basi safari hii hakutaka kuchekwa tena. Akamrushia golikipa wake aliyekuwa hatua chache tu, golikipa akaudaka, na refa akapuliza filimbi.

Wachezaji wetu sita wakamzunguka refa wakimwuliza kosa ni nini. Kosa ni hili: golikipa haruhusiwi kushika kwa mikono mpira aliorushiwa moja kwa moja na mwenzake, kama asivyoruhusiwa kushika mpira ambao mwenzake amempigia kwa mguu kwa makusudi. Sheria ya mpira uliopigwa kwa mguu iliwekwa mwaka 1992, na ya mpira wa kurusha mwaka 1997. Yaani hakuna hata kijana mmoja wa timu yetu aliyezaliwa kabla ya sheria hizo. Adhabu yake ni mpira ambao haufungi mpaka uguswe na mchezaji wa pili. Wenzetu waliijua vema. Vijana wetu sita walipokuwa wamempa refa nyuso zao na mpira migongo yao, mchezaji mmoja wa upande wa pili aliusogeza kidogo, mwingine akaupiga, nao ukaingia. Refa alilikubali goli, na alikuwa na haki kulikubali.

Sasa tuhesabu. Beki hakujua kurusha. Mahafubeki hawakuja kupokea. Mafowadi walitaka mpira wa kupaa tu. Sheria hakuna aliyeijua. Nahodha hakuwarudisha wenzake nyuma, bali alikuwa wa kwanza kubisha. Golikipa ni mtu wa mwisho katika mlolongo huo, na kosa lake ni dogo kuliko ya wengine wote, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyekuwa tayari kuupokea mpira kwa mwenzake. Nasikia amerudisha glovu kwa mwalimu wa michezo, amesema hataki tena. Namwomba azichukue. Yeye ni wa kidato cha tatu, ana mwaka mwingine mzima wa kucheza, na katika mechi ile ile aliokoa mipira mitatu ambayo leo haisimuliwi na mtu.

Watu wa nchi hii ya Mbulu na Hanang tumezoea kusifiwa kwa mbio, na sifa hiyo tumeistahili. Gidamis Shahanga wa Katesh alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton, Kanada, mwaka 1978, na mwaka 1982 huko Brisbane, Australia, akashinda mbio za mita 10,000. Gabriel Geay, kijana wa mkoa wetu, aliikimbia marathoni ya Valencia mwaka 2022 kwa saa 2 na dakika 3, na mwaka 2023 akawa wa pili katika Boston. Na John Stephen Akhwari wa Mbulu hutajwa katika kila hotuba ya michezo tunayoisikia: jinsi alivyoanguka katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akaumia goti, akafungwa bandeji, na akaingia uwanjani wa mwisho wa wote waliomaliza, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, hali wengine zaidi ya kumi walikuwa wameacha njiani.

Hotuba hizo huishia hapo, nami naona huishia mapema mno. Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970, Akhwari yule yule alishika nafasi ya tano katika marathoni. Mbona hilo halitajwi? Naona ni kwa sababu tumependa sana habari ya moyo wake kuliko habari ya ufundi wake. Mtu hawi wa tano kati ya wakimbiaji wakubwa wa Jumuiya ya Madola kwa moyo peke yake. Alijua kugawa nguvu zake njiani, na alifanya mazoezi mwaka hata mwaka.

Katika mpira twafanya kosa lile lile. Timu yetu hupewa maneno ya moyo siku nzima kabla ya mechi: kazeni, msichoke, kimbieni. Nao hukimbia. Sijapata kuona timu ya shule yetu ikizidiwa pumzi. Mji wa Mbulu na mji wa Katesh yote iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na wengi wa vijana wetu walikuwa wakifuata ng'ombe tangu walipokuwa wadogo, na wengine hutembea njia ndefu kila asubuhi kuja darasani. Pumzi wanazo tangu utotoni. Lakini katika mechi niliyoitaja niliwaona wakikimbia kuufuata mpira waliokuwa nao tayari wenyewe! Unakuja mguuni, unaruka mita tatu, mchezaji anaukimbiza. Akiufikia anaupiga mbele kwa nguvu, mwenzake naye anaukimbiza. Hizo ni mbio nzuri sana, na Mwalimu wa riadha angezifurahia.

Jambo la kwanza basi, na kubwa kuliko yote nitakayoyasema, ni kujifunza kuupokea mpira. Anayepokea mpira hufanya kama mtu anayerushiwa yai: haukazi mguu, bali anaurudisha nyuma kidogo pamoja na mpira, ili nguvu yake iishe. Tena kabla mpira haujafika, ageuze kichwa atazame pande zote mbili, ajue adui yuko wapi na mwenzake yuko wapi. Wachezaji wetu hutazama baada ya mpira kufika, na wakati huo adui naye amekwisha fika. Kuna watakaosema kwamba kiwanja chetu kina vijiwe na mabonde, na kwamba mpira hauwezi kutulia juu yake. Ni kweli kiwanja kina vijiwe. Lakini mpira usiotulia ndio unaohitaji mguu uliofundishwa kuutuliza, na wenzetu waliotufunga hawana kiwanja kizuri kuliko chetu. Nimekiona kwa macho yangu, na mbuzi walikuwa ndani yake.

Dawa yake ni ukuta. Stoo yetu ina ukuta mrefu usio na dirisha upande wa bustani. Mtu akisimama hatua tano kutoka ukutani, akaupiga mpira kwa upande wa ndani wa mguu, ukuta humrudishia, naye hana budi kuutuliza kabla ya kuupiga tena. Mguu wa kulia mara 50, wa kushoto mara 50. Huwa ni kazi ya dakika chache tu. Mtu akifanya hivyo siku nne kila wiki, kwa muhula mmoja wa wiki kumi atakuwa amepokea mpira mara 4,000, na nusu ya mara hizo kwa mguu wa kushoto, ambao wachezaji wetu wengi huutumia kwa kusimamia tu. Hahitaji kiwanja, wala mwenzake, wala kocha. Nimemwomba Mkuu wa Shule ruhusa ya ukuta huo, naye amekubali kwa sharti kwamba chokaa ikichafuka wachezaji watapaka upya wenyewe.

Baada ya kupokea ni kutoa. Mwanafunzi mwenye mbio nzuri hukimbia mita 100 kwa sekunde 12 au 13, na akiwa na mpira mguuni mwendo hupungua. Mpira uliopigwa vizuri chini chini humpita mkimbiaji yeyote, wala hauchoki. Jambo hili liligunduliwa zamani sana. Tarehe 30 Novemba 1872, katika mji wa Glasgow, timu za Uskoti na Uingereza zilicheza mechi ya kwanza ya kimataifa. Waingereza walikuwa wakubwa na wazito kuliko Waskoti, na mchezo wao wa siku zile ulikuwa mtu mmoja kuchukua mpira na kukimbia nao mpaka anyang'anywe. Waskoti, ambao wote 11 walitoka klabu moja ya Queen's Park, walijua kwamba kwa vifua hawatawaweza, basi wakawa wanapeana mpira. Mechi ilikwisha bila goli, na Waingereza walistaajabu. Mwaka 1878 Waskoti waliwafunga 7 kwa 2. Sisi tunacheza mpira wa Waingereza wa mwaka 1872, ila hatuna uzito wao.

Kwa hiyo anayerusha mpira lazima awe na wenzake wawili karibu, mmoja mbele na mmoja nyuma yake. Na kurusha kwenyewe kuna kanuni zake, si kutupa tu. Simama ukitazama uwanja. Miguu yote miwili, au sehemu ya kila mguu, iwe chini, juu ya mstari au nje yake. Mpira ushikwe kwa mikono miwili, utoke nyuma ya kichwa na upite juu ya kichwa. Basi. Mtoto wa darasa la nne aweza kulijua kwa jioni moja. Tena mafowadi wakumbuke kwamba mpira wa kurusha hauna kuotea. Mtu akiupokea moja kwa moja popote alipo, hana kosa. Katika mechi nzima sikumwona fowadi wetu hata mmoja aliyeitumia nafasi hiyo.

Hapa niseme neno juu ya sheria. Kitabu cha sheria za mpira wa miguu kina sheria 17 tu. Wanafunzi wetu hukariri mambo mengi kuliko hayo kwa jaribio moja la historia. Hata hivyo wanabishana na refa juu ya mambo ambayo hawajayasoma, na sheria nazo hubadilika. Tangu mwaka 2019 mpira wa goli waweza kupokewa na beki ndani ya boksi lake mwenyewe, hauna haja kutoka nje kwanza. Mabeki wetu bado wanauacha upite. Tangu msimu wa 2025/26 golikipa akiushika mpira zaidi ya sekunde 8, upande wa pili hupewa kona, na refa huinua mkono akihesabu sekunde tano za mwisho. Ni wangapi kati yetu wanaolijua hilo? Nashauri kwamba Jumamosi moja kila mwezi, badala ya kwenda uwanjani, timu ikae darasani na ubao na chaki, na mchezaji asiyejua sheria asipewe jezi. Na kuzungumza na refa iwe kazi ya nahodha peke yake, kwa adabu, mikono nyuma. Wale wengine wakati huo wasimame mbele ya mpira.

Nahodha naye ana somo lake. Mashindano yetu huangukia wakati wa upepo. Kila mtu wa Hanang anajua upepo wa mwezi wa sita na wa saba unavyotoka tambarare za ngano za Basotu, ukabeba vumbi mpaka mezani. Katika upepo ule mpira mrefu ukipigwa kuukabili hurudi nyuma, na ukipigwa kuufuata hupita mstari wa goli kabla fowadi hajaufikia. Nahodha wetu alishinda shilingi, na tangu mwaka 2019 mshindi wa shilingi huruhusiwa kuchagua goli la kushambulia au kuanza mpira. Akachagua kuanza mpira! Kuanza mpira ni faida ya sekunde mbili, na upepo ni faida ya kipindi kizima. Angechagua upepo kipindi cha kwanza, wakati wenzetu bado hawajajizoeza na kiwanja, labda tungeingia mapumziko na magoli mawili. Mpira wa chini hauogopi upepo sana, nalo ni jambo jingine la kutufanya tujifunze kuucheza.

Wako wanafunzi wanaosema kwamba hawajapata kuona mpira mzuri isipokuwa katika televisheni. Tangu mwaka 2024 timu ya Fountain Gate imechezea mechi zake za Ligi Kuu katika uwanja wa Tanzanite Kwaraa, Babati, na mwaka 2025 Simba na Yanga zote mbili zilifika huko. Nilisafiri na baadhi ya wanafunzi wetu katika basi moja wakati fulani kwenda kutazama. Waliporudi walijua majina ya wachezaji wote, na rangi za viatu vyao, na mtindo wa nywele wa winga. Nilipowauliza mchezaji wa kati aligeuza kichwa mara ngapi kabla ya kupokea mpira, walinicheka. Mwenda mpirani akitaka kujifunza amchague mchezaji mmoja wa nafasi yake, amtazame dakika 20 bila kuufuata mpira, hasa wakati mpira uko mbali naye. Atajifunza mengi kuliko kwa kupiga vuvuzela.

Sasa niingie katika jambo ambalo wengine hawatapenda niliseme. Katika shule yetu mwenye njumu hupangwa, na asiye nazo hutazama. Simlaumu mwalimu wa michezo. Sheria ya 4 inataka kila mchezaji avae viatu na vilinda ugoko, na katika mashindano asiyevaa hatolewi udhuru. Basi siku ya kuchagua timu, mwalimu hutazama miguu kwanza. Lakini nenda jioni nyuma ya bweni la mashariki utazame chandimu, wanapocheza peku kwa mpira wa matambara. Yuko mtoto wa kidato cha pili pale, mwembamba, ambaye mpira ukimfika hunata mguuni kama umepakwa asali. Hajapata kuvaa jezi ya shule. Baba yake hana fedha za njumu, na mtoto mwenyewe ameniambia kwamba hataomba.

Nawageukia wazazi. Hatuhitaji jozi mpya 20 za dukani. Katika mnada wa Katesh njumu za mitumba huuzwa, nyingine bado nzima kabisa. Kila mzazi aliye na mtoto katika timu akitoa kidogo alichonacho, na Kamati ya Wazazi ikatoa sehemu yake, shule yaweza kuwa na jozi 15 za namba mbalimbali, zikaandikwa katika daftari la stoo kama vitabu vinavyoandikwa, zikatolewa kabla ya mechi na kurudishwa baada ya mechi zikiwa zimepigwa brashi. Mwenye zake avae zake. Siku hiyo ndipo tutakapojua timu yetu ni ipi hasa. Mpaka leo tumepeleka wilayani timu ya wenye viatu.

Najua pia wazazi wengine husema kwamba mpira unaua masomo, na hofu hiyo siidharau. Mtihani wa kidato cha pili na ule wa kidato cha nne yote huja mwezi wa Novemba, na hakuna mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe ajue kupiga penalti. Lakini tazameni jinsi tunavyofanya sasa. Miezi mingi hakuna mazoezi yoyote ya maana. Halafu wiki tatu kabla ya mashindano timu inachaguliwa kwa haraka, vijana wanatolewa madarasani asubuhi na jioni, wanachoka, wanakosa majaribio, na bado wanafungwa. Njia hii ndiyo inayoua masomo. Mazoezi ya dakika 45, siku mbili kila wiki, kuanzia mwezi wa kwanza, pamoja na ukuta kwa kila mtu wakati wake, hayagusi kipindi hata kimoja. Na mchezaji ambaye alama zake zimeshuka asimame kucheza mpaka zipande. Hilo naliunga mkono, wala lisiwe na huruma kwa fowadi mwenye magoli mengi. (Na walimu wenzangu nao, kwa heshima, wasiwaite wachezaji kutoka mazoezini kuchota maji, kana kwamba mpirani ndiko waliko wanafunzi wasio na kazi.)

Tena kuna hesabu ya madarasa. Katika timu iliyokwenda wilayani, sita walikuwa wa kidato cha nne. Wakimaliza mtihani wao hawatarudi. Kila mwaka twajenga timu ya wakubwa, kisha twaipoteza yote na kuanza upya kutoka msingi. Nashauri timu ya pili ianzishwe, ya kidato cha kwanza na cha pili peke yao, icheze na shule za msingi za jirani na timu za vijijini, na katika kila mazoezi wachezaji watano wa timu hiyo wacheze pamoja na wakubwa. Mtoto wa kidato cha kwanza anayeanza ukuta mwaka huu, akifika kidato cha nne atakuwa na miaka mitatu ya kupokea mpira. Msimu ujao labda hatutaona tofauti kubwa. Nawaomba wanafunzi wasitegemee kombe mwaka ujao kwa sababu mwalimu fulani ameandika gazetini.

Juu ya wasichana nitasema kwa ufupi, kwa kuwa timu yao ingefaa makala yake yenyewe, tena iandikwe na mmoja wao. Twiga Stars walicheza fainali za Afrika za wanawake mwaka 2010 huko Afrika Kusini, na tena mwezi wa saba mwaka 2025 huko Moroko. Wasichana wetu hupewa kiwanja siku moja kwa wiki, saa ambayo wavulana wamekwisha maliza na jua linazama. Siku mbili za mazoezi nilizozitaja ziwe mbili kwa kila upande, na ukuta wa stoo ni wa wote. Nimewaona wasichana wakirusha mpira, na miguu yao yote miwili ilikuwa chini.

Kuna mwanafunzi aliyeniuliza faida ya haya yote ni nini, hali shule yetu ni ya milimani na haina hata neti za magoli. Nilimjibu kwamba Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa mwaka 2023 uenyeji wa fainali za Afrika za mwaka 2027, na kwamba timu ya taifa letu ilifika fainali hizo mara ya kwanza mwaka 1980, kisha ikakaa miaka 39 mpaka ilipofika tena mwaka 2019 huko Misri. Miaka 39 ni mingi, na sidhani kwamba katika muda huo wote nchi nzima ilikosa watoto wenye mbio. Hakuridhika na jibu hilo. Alitaka kujua kama yeye mwenyewe atapata jezi. Nikamwuliza mguu wake wa kushoto ukoje.

Mwalimu wa michezo amekubali kwamba mazoezi yaanze Jumanne ya pili baada ya shule kufunguliwa mwezi wa kwanza, saa 10 na nusu alasiri, na kila mtu wa kidato chochote aweza kuja, mwenye viatu na asiye na viatu. Mipira iliyopo ni mitatu, na mmoja wao umetoboka. Pampu ya shule imepotea tangu mashindano, nasi twadhani iko katika sanduku la mtu kwa bahati mbaya. Aliye nayo ailete stoo, hataulizwa neno.

Mwalimu wa Jiografia